Ulimi wa Mzee Prokopis

Mzee Prokopis hakupima sabuni kwa chombo. Kwa miaka arobaini, kiwandani kwake Plomari, kisiwani Lesvos, alichovya kijiti kwenye pipa la chuma, akangoja uji wa sabuni upoe, akauonja kwa ncha ya ulimi. Ukichoma, magadi bado yana nguvu, tuendelee kuchemsha. Usipochoma, alisema "Tayari," nasi tukazima moto, tukaumwaga sakafuni ugande. Kukata vipande na kuvipiga muhuri wenye jina lake ilikuwa kazi yangu.

Binti yake wa pekee, Myrsini, aliionea haya sabuni ile tangu shuleni, maana wenzake walimwita Povu. Alipopata kazi ya kufua shuka Uholanzi hakuchukua hata kipande. Alituandikia kwamba sabuni za huko zinanukia waridi na zimefungwa karatasi ya dhahabu. Nilikasirika, sikufichi. Lakini wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mwaka wa pili mikono ilimpasuka hadi ikatoa damu, na waridi lisimsaidie kitu. Mama yake akampelekea kifurushi cha sabuni yetu ya kijani, mikono ikapona. Toka hapo wanawake aliofua nao, Waholanzi kwa Waturuki, waligombania vipande, na kila barua yake ikawa ya kuomba zaidi.

Baridi ya mwaka wa kumi na moja tangu Myrsini aondoke, mzee alishikwa na homa kali. Alipoinuka kitandani, mke wangu alimpelekea dengu alizosahau kutia chumvi. Akazisifu, akaomba sahani ya pili! Hapo nikajua. Mapipa mawili yaliyofuata aliyaonja, akasema "Tayari," na haikupita muda wanawake wa mtaani wakaanza kurudisha sabuni kimyakimya kwa mlango wa nyuma, mikono imewababuka. Nani amfunge paka kengele? Mimi niliogopa, basi.

Mwezi wa Machi Myrsini akatokea bila taarifa, akaja moja kwa moja kiwandani na sanduku lake. Mzee alikuwa ameshika kijiti.

"Karibu, mwanangu. Naona umenenepa." Akaonja, akanigeukia. "Tayari. Ignatis, zima moto."

"Ngoja kwanza, kaka Ignatis," alisema Myrsini. Akakitwaa kijiti mkononi mwa baba yake, akaonja, akatema. "Baba, hii bado. Inachoma."

Wafanyakazi wote watatu tukatazama sakafu.

"Wewe!" mzee akafoka. "Wewe na mawaridi yako! Leo ndiyo uje kunifundisha sabuni?"

"Sabuni yako ndiyo iliyonifundisha, baba." Akavua glavu. Mikono ilikuwa myekundu, imepasukapasuka. "Hii ni kazi ya kifurushi cha mwisho. Wenzangu nao hivyo hivyo. Sikuja likizo. Nimekuja kwa sababu sina sabuni nyingine ninayoiamini."

Mzee aliishika ile mikono, akaigeuza, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akaketi juu ya gunia la chumvi.

"Tangu ile homa sisikii ladha ya kitu," alisema. "Hata kahawa. Nilidhani ladha itarudi."

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani? Ignatis? Huyu anaogopa hata paka."

Tukachochea moto, tukachemsha siku tatu. Tiketi ya Myrsini ya kurudi ilikuwa ya Alhamisi. Alhamisi asubuhi honi ya meli ililia bandarini tukiwa tumelizunguka pipa. Hakugeuza kichwa. Mzee alichovya kijiti kwa mazoea, akakifikisha karibu na midomo, akakishusha. Akampa bintiye.

Myrsini akaonja. Akatulia, akaonja tena. "Tayari."

Nikamtazama mzee, maana miaka yote nilizoea kungoja kauli yake.

"Unanitazama mimi wa nini?" akanifokea. "Mwenye ulimi si huyo? Zima moto."