Thelathini na Tisa

Wanafunzi walimwita kaka yangu Thelathini na Tisa, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Kwetu kufaulu kunaanzia arobaini. Yeye hufundisha takwimu, somo ambalo kila mwanafunzi wa kitivo, hata anayesoma fasihi au historia, alilazimika kulifaulu ndipo apewe shahada. Kwa kaka, thelathini na tisa ilikuwa thelathini na tisa. Ungelia, ungeleta mzazi, ungezimia mlangoni kwake. Angekuletea maji ya kunywa, angengoja uzinduke, kisha angekuambia ni thelathini na tisa.

Mimi ni mdogo wake. Nafundisha jiografia ghorofa ya chini, na nimekaa naye kwenye baraza la kitivo miaka mingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Tunakutana katika ukumbi wenye meza ndefu iliyobanduka pembeni na feni inayozunguka kwa kujivuta. Ukikaa pale ndipo utajua wasomi ni watu gani. Hoja ya maegesho ya magari inaweza kutula asubuhi nzima, lakini shahada ya mtu huamuliwa kabla chai haijapoa.

Baraza letu lina desturi moja ambayo haikuandikwa popote. Mwisho wa muhula matokeo husomwa kwa namba, bila majina. Ikifika namba ya aliyekosa alama moja tu, Mkuu wa kitivo huvua miwani, humgeukia mwalimu wa somo na kumuuliza, "Unampokea?" Mwalimu akisema "Nampokea," alama inaongezwa na kazi inaendelea. Akinyamaza, mtu amebaki nje. Hakuna kujieleza wala kupiga kura. Wengi wetu tulipokea. Mimi nimewapokea watu ambao hata uwape dira hawakuonyeshi kaskazini. Kaka hakuwahi kumpokea mtu, na Mkuu aliendelea kumuuliza kila muhula kwa heshima ya desturi.

Halafu likaja la binti yake.

Alikuwa akisoma historia hapo hapo kitivoni. Mtoto mwenye maneno na kumbukumbu, ila yeye na hesabu walikuwa hawasalimiani. Takwimu ilimwangusha mara ya kwanza. Kanuni inaruhusu kurudia mara moja, na ukianguka tena, shahada huna, hata kama masomo mengine yote umeyashinda. Kwa hiyo kaka akamfundisha mwenyewe nyumbani, meza ya chakula ikajaa majedwali na kalamu za risasi, mpaka wifi yangu akaanza kupakua chakula jikoni. Nilipowatembelea niliwakuta wameinamia karatasi moja, vichwa vinakaribia kugongana, na nilifurahi kuwaona hivyo.

Siku ya matokeo namba yake ikasomwa. Niliijua, kwa sababu mimi ndiye niliyempeleka kujiandikisha. Kaka aliijua vizuri zaidi, maana ndiye aliyeisahihisha karatasi, na hakuna baba asiyeujua mwandiko wa mwanawe. Thelathini na tisa.

Mkuu akavua miwani. "Unampokea?"

Nilimkanyaga kaka mguu chini ya meza. Akausogeza mguu wake. Wengine walikuwa wakipitisha sahani ya biskuti, hawakujua lolote. Mkuu akangoja kidogo, akavaa miwani, akasoma namba iliyofuata.

Nilimkimbilia kwenye ngazi. "Kaka, yule ni mwanao."

"Ndiyo maana," akasema. "Nimewaacha nje watoto wa watu. Wangu nimpitishe mlango gani? Sheria ni msumeno, mdogo wangu."

"Msumeno haurudi nyumbani kula meza moja na uliyemkata," nikamjibu.

Alishuka ngazi ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, nami nikabaki na hasira zangu pale juu.

Binti hakulia, na hilo ndilo lililonitisha. Alipata kazi kwenye duka la kutoa nakala na kujalidi vitabu, ng'ambo ya barabara, mkabala na lango la chuo. Baadaye mwenye duka akamwachia aliendeshe. Tasnifu zote za kitivo chetu hupita mikononi mwake. Anazilinganisha kurasa, anazipaka gundi, anazibana, na juu ya jalada anapiga kwa herufi za dhahabu majina ya watu wengine. Wenzake aliosoma nao humletea kazi zao za shahada ya pili. Anawaambia hongera, na kwa jinsi ninavyomjua, anamaanisha.

Baba yake akipita dukani, binti husema, "Shikamoo baba." Kaka husema, "Marahaba." Basi. Nilingoja wagombane mpaka nikachoka. Wifi yangu alichagua njia ya funika kombe mwanaharamu apite. Redio nyumbani kwao huwashwa asubuhi na kuzimwa watu wakienda kulala, ili kimya kisipate pa kukaa. Na kaka akafa ganzi. Sisemi alihuzunika. Aliyehuzunika utamwona. Yeye alikula, alifundisha, alisahihisha, alicheka pale watu wengine walipocheka. Ukimuuliza hali, ni nzuri. Ukimwambia chai imepoa, anainywa hivyo hivyo.

Siku moja nilikaa na binti nyuma ya mashine, nikamwambia ningeweza kumwendea Mkuu, labda kuna njia. Aliendelea kukata kadibodi.

"Shangazi, maksi siitaki," akasema. "Nilitaka aseme tu. Si lazima barazani. Angekuja jikoni akaniambia, mwanangu, ningeweza ningekupokea. Hiyo ingenitosha."

"Labda hajui kama unalingoja neno hilo."

"Anajua kila kitu kilichomo kwenye jedwali," akasema, akanipa mkasi nimshikie.

Hilo nililipeleka kwa kaka neno kwa neno. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema amesikia. Na alisikia kweli, hana shida ya masikio.

Mwaka huu ndipo hoja ikaletwa kwamba takwimu iwe somo la hiari. Vitivo vya jirani vilishaliondoa, wazazi wanalalamika, na waliokwama kwa sababu yake wamekuwa wengi mno. Hoja ilitaka pia waliokwama zamani kwa somo hilo peke yake wapewe shahada zao. Kijana wa sosholojia alisema somo limegeuka ukuta. Mama wa falsafa akasema tukibomoa ukuta leo, kesho tutabomoa na paa, na viwango vitabaki hadithi. Mwingine akauliza kama hiari maana yake ni kwamba hakuna atakayelisoma, tukacheka, maana ndiyo maana yake hasa. Nilimtazama kaka. Somo la maisha yake yote lilikuwa linachinjwa mbele yake na yeye alikuwa anafuta kioo cha saa yake kwa kidole. Hakutetea. Mikono ikanyooshwa, hoja ikapita.

"Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo," akasema Mkuu. Halafu, sijui ni mazoea au ni heshima, akavua miwani na kumgeukia kaka. "Mwalimu, hawa wa nyuma wote. Unawapokea?"

Hata wale ambao hawakumpenda wakaacha kutafuna.

"Nawapokea," akasema kaka, kwa sauti ile ile anayojibia akiulizwa kama anataka sukari.

"Asante. Tuendelee na maegesho."

Ilikuwa imekwisha. Mtoto alikaa nje ya mlango miaka yote ile, na mlango wenyewe ukang'olewa kati ya biskuti na magari. Nilijaribu kufurahi, sikuweza. Nilijaribu kukasirika, na hilo nalo lilichelewa kuja. Lilinijia tulipofika chini, nikamshika kaka mkono kama mtoto mtoro.

"Twende ukamwambie mwenyewe. Asilisikie kwa watu wa kuja kutoa nakala."

"Watamwandikia," akasema.

"Kaka, twende."

Tulivuka barabara. Binti alikuwa dirishani, penye mwanga mzuri, ameinamia tasnifu nene, anapaka gundi mgongoni kwa brashi. Alisimama kidogo. "Shikamoo baba. Shikamoo shangazi." Tukaitikia. Kaka akaenda kusimama dirishani, mkoba kifuani.

"Baraza limekaa leo," akaanza. "Takwimu si somo la lazima tena. Na wa nyuma mmesamehewa. Utapata shahada yako."

Binti aliirudisha brashi kwenye kopo. Akafuta vidole kimoja kimoja kwa kitambaa.

"Mkuu alikuuliza?"

"Aliuliza."

"Ukasema?"

"Nikasema nawapokea."

"Wote kwa pamoja?"

"Wote kwa pamoja."

Binti akamtazama usoni. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile ya matokeo. "Na mimi, baba?" akauliza polepole. "Sisemi hao wengine. Mimi, ulinipokea?"

Nilikuwa nyuma ya kaka. Nilitaka kumkanyaga tena, safari hii kwa kisigino, lakini alikuwa mbali na mguu wangu. Aliufungua mdomo. Nililiona neno limefika pale pale, ni neno moja tu na asubuhi ile ile alikuwa amelisema mbele ya watu asiowapenda. Akaukaza mkoba kifuani.

"Ni uamuzi wa baraza," akasema.

Binti akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyesomewa matokeo anayoyajua. Akachukua brashi yake.

"Basi baraza liambie nimeshukuru," akasema. "Na wewe, baba, sogea kidogo. Unaniziba mwanga."

Kaka akasogea.