Safari Isiyo na Msiba

Nakumbuka siku moja ya kipupwe, mwanangu Rehema, nyumba yetu ya Usagara, hapa Tanga mjini, ilijaa watu waliokuja kulia, na hakuna aliyekufa. Wengine walitoka mbali, Moa huko mpakani na Kenya, mikeka kwapani na mchele ndani ya vikapu. Shangazi yangu mmoja alipitiliza hadi uani, akajifunika kanga, akaanza kilio chini chini. Mama yangu alikuwa amekaa pale pale kwenye kibao akichambua mchicha, akamtazama asijue amsaidie kumlilia nani.

Nitakueleza ilivyokuwa, maana ndilo jibu langu kwa lile uliloniomba jana. Ulikuja ukaniamkia vizuri, ukanywa chai yangu, ukayasifia maandazi mpaka nikajua hapa kuna jambo. Kumbe wewe na mumeo mmepanga kushuka Dar es Salaam, mpande treni ya umeme mpaka Dodoma, mtembee kwenye vile vilima vya mawe na mashamba ya zabibu, mjionee baridi ya huko, mlale siku mbili mrudi. Nikafurahi kweli. Halafu ukashusha sauti, ukaniambia mama mkwe wako umemwambia unakwenda semina ya kazi, na akiniuliza, mimi mama yako mkubwa, niseme hivyo hivyo. Hapo chai ikanipalia.

Sasa sikiliza. Siku hizo mimi ni msichana, nimemaliza shule, niko nyumbani namsaidia mama kushona kofia. Mama, yaani bibi yako Nuru ambaye wewe hukumkuta, alizaliwa Moa akaolewa hapa mjini. Kila safari aliyokwenda katika maisha yake aliitwa. Amekufa fulani, nenda. Fulani ameshikwa na uchungu, nenda. Kuna harusi Pangani, nenda ukapike. Ushongo, ufukweni kule Pangani, amefika mara nyingi tu, lakini ukimuuliza Ushongo kukoje, anakwambia jiko la kule lina moshi.

Basi siku moja tunashona, akaniambia bila kuinua macho, "Mimi sijawahi kutazama nje ya dirisha la gari. Ama nalia, ama nimepakata mtoto wa mtu." Akatunga uzi kwenye sindano, akaendelea na kofia yake. Baada ya muda akasema anataka kwenda Moshi kwa treni, kipupwe hicho hicho, akauone mlima wenye theluji. Alale siku mbili, arudi. Nikamuuliza kuna nini huko. Akasema hakuna kitu, anakwenda kutembea tu.

Babu yako alikuwa mtu mpole, ana kibanda chake sokoni cha kamba na ndoano. Alicheka, akasema kama moyo wako unataka, nenda, umchukue na huyu mfuatane. Tukaanza kupanga. Lo, mwanangu, kupanga safari nako ni raha! Mama alikwenda stesheni mwenyewe kuuliza treni inaondoka lini na itatufikisha wapi kukiwa na mwanga, kwa sababu alisema haoni maana ya kulipa nauli akatazame giza. Tukachagua masweta kwenye mitumba, tukacheka hatuna nguvu, kwa kuwa hapa Tanga sweta mtu anamvalisha mtoto mchanga. Tukampelekea salamu Mama Anaeli, Mchaga Mlutheri aliyekuwa jirani yetu wakati mumewe ni karani kwenye shamba la mkonge. Walikuwa wamestaafu wamerudi kwao, juu kidogo ya Moshi mjini. Akajibu njooni, vitanda vipo.

Ikabaki kuaga. Kwetu unajua mwenyewe, msafiri hatoki kimya kimya. Anapita kwa wakubwa anaomba radhi, na walio mbali anawatumia salamu. Mama akafanya hivyo, na hapo ndipo mambo yalipovurugika. Maana kwetu mtu akifiwa mbali haambiwi amefiwa. Anaambiwa fulani ana homa kidogo, njoo umwone, na ukweli anaukuta kwenye viatu vya watu mlangoni. Kwa hiyo watu wa Moa waliposikia Nuru anapanda treni kwenda bara na hasemi kuna nini, wakaelewa kwa namna yao. Kuna msiba mkubwa, na masikini, ama hajaambiwa ama anajikaza. Wakaja kumshika mkono kabla hajaondoka.

Ndiyo ile siku nyumba ilipojaa. Akaja pia Ami Seif, kaka mkubwa wa baba, ambaye ndiye aliyekuwa na kauli katika ukoo wetu. Akakaa barazani, akapewa kahawa, akauliza kwa upole nani amefariki. Mama akasema hakuna. Nani mgonjwa? Hakuna. Basi kuna nini huko Moshi?

"Nakwenda kutembea, kaka Seif. Nikauone mlima."

Watu walitazamana. Shangazi uani alikatisha kilio katikati. Ami akaweka kikombe chini.

"Mlima hauumwi, Nuru," akasema. "Unakwenda kuutazama wa nini?"

Wengine wakacheka. Mama hakucheka. Ami akaendelea pale pale mbele za watu kwamba mke wa mtu mwenye heshima zake hapandi treni kwenda kuangalia mawe, kwamba watu watasema Nuru kachanganyikiwa, au watasema nyumba ya ndugu yake haina mwanamume. Akamaliza kwa kusema safari hiyo yeye hana radhi nayo. Na mama yangu alivyokuwa, bila radhi ya wakubwa hatoki hata kwenda Muheza. Mkoba ulikuwa tayari umefungwa, treni ni kesho yake. Niliona uso wake umeshuka, na moyo wangu ukauma vibaya sana.

Akaingia ndani. Shangazi akamfuata, akafunga pazia, akamnong'oneza njia ya kutokea. Rudi umwambie Ami kwamba ulikuwa unaficha, Mama Anaeli yu taabani, ndiyo sababu. Mambo yamekwisha, nani atakwenda Moshi kuhakikisha? Mimi nilikuwa nimesimama hapo, nikaona sawa kabisa, nikatikisa kichwa kukubali.

Mama akatutazama sote wawili kwa zamu. "Mama Anaeli mzima wa afya, ananisubiri na chakula. Nimtie ugonjwa kwa ulimi wangu ili mimi nipande treni? Uchuro gani huo? Na huo mlima nikiufikia, nitautazama kwa macho gani?"

Akajitanda kanga yake vizuri, akarudi barazani. Nikamfuata mpaka mlangoni. Sikuwahi kumsikia mama akisema maneno mengi mbele ya wanaume, na sikumsikia tena hivyo baadaye, kwa hiyo niliyashika yote.

"Kaka Seif," akasema, "tangu nimeolewa humu nimezika nanyi, nimeozesha nanyi, wake zenu nimewashika mgongo wakijifungua. Hakuna siku mliniita nikasema nimechoka. Safari hii sikuitwa na mtu, nimeitaka mwenyewe. Ninakuomba radhi kwa jambo hilo hilo, silibadilishi jina. Ukininyima nitakaa, wala sitakununia. Lakini ujue umeninyima kwa sababu nimekwambia kweli."

Nilitamani niwaambie wale watu wote, huyu ni mama yangu mimi.

Ami akakigeuza kikombe chake mkononi, na kahawa ilikuwa imekwisha zamani. Akawatazama watu wa Moa na mikeka yao. Mwisho akauliza, kama anayeuliza bei ya kitu asichotaka kuonekana anakitaka, eti ndani ya treni mtu akae upande upi ili auone huo mlima. Hakuna aliyejua. Baba akasema watauliza stesheni. Mtu mmoja akacheka, wakacheka wote, na Ami mwenyewe akacheka.

"Nenda," akasema. "Radhi zote unazo. Ila ukirudi uje unieleze, na usiniletee habari za jikoni."

Mchele wa msiba ukapikwa, ukaliwa kwa furaha. Ubani ulioletwa kwa ajili ya maiti asiyekuwepo ukachomwa kwenye dua ya safari. Shangazi aliendelea kufuta machozi, akasema kilio alishakianza na hawezi kukirudisha.

Kesho yake tukapanda. Mama akakaa dirishani, uso wazi, mikono mapajani, hana mtoto wa mtu. Muheza akanunua machungwa, akayamenya huku anatazama nje. Korogwe akauliza mto ule unaitwaje. Mombo milima ya Wasambaa ilipotukaribia upande wa kulia, alimshika mkono Mshambaa mmoja mzee aliyekaa mbele yetu, akamuuliza kama huko juu kuna watu wanaoishi. Mzee akamjibu kwamba kwake ni kule, na wake zake wawili wapo huko wanamsubiri kumgombeza. Walicheka hao mpaka karibu na Same. Mimi nilikuwa namtazama mama zaidi ya nilivyotazama nje, kwa sababu yule mwanamke nilikuwa simjui.

Moshi tulikuta wingu. Siku nzima mlima haukuonekana hata ukucha, na Mama Anaeli alituomba radhi kama vile ni mtoto wake amekataa kutoka kusalimia wageni. Mama akamwambia asijali, hiyo baridi peke yake inatosha, hajapata kuona moshi ukitoka kinywani mwa mtu asiyevuta sigara. Alfajiri ya pili Mama Anaeli akagonga dirisha, akasema tokeni upesi.

Ulikuwa umesimama wote. Mweupe juu, na chini migomba. Mama alisimama uani na sweta lake la mtumba, kanga juu yake, miguu imelowa umande. Nikataka kusema neno, akaniashiria ninyamaze. Alikaa hivyo mpaka jua likapanda na wingu likarudi. Ndipo akasema, "Haya. Nimeuona mimi."

Tuliporudi, baraza ilijaa tena. Ami ndiye aliyetangulia, amevaa kanzu safi. Mama alisimulia mpaka kahawa ikapikwa mara ya pili, na wallahi hakutaja jiko hata la Mama Anaeli. Mwaka uliofuata mke wa Ami alikwenda na mama. Ami akawapeleka stesheni, akapanda, akasema anawasindikiza mpaka Korogwe tu. Akarudi nao kutoka Moshi baada ya siku nne, amevaa kofia ya sufu.

Ndiye bibi yako huyo, Rehema. Baada ya hapo alisafiri mara nyingi, na karibu zote alikwenda kuzika. Lakini mpaka anafumba macho, mtu akimwambia asimulie safari, alisimulia hiyo. Watu wengine wamerithi minazi, sisi tumerithi mwanamke aliyesema anakwenda kutembea na akaenda. Mimi najivunia, na nataka wewe nawe ujivunie.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Hiyo safari nendeni, tena ipangeni vizuri. Pandeni treni ya mchana, mlipe nauli ya kuona. Sweta lako lisiwe la urembo, Dodoma kipupwe upepo unaingia mpaka mifupani. Msijaze siku kwa mambo mengi mkarudi mmechoka kuliko mlivyokwenda. Lakini ile semina iondoe leo hii, kabla jua halijazama. Fikiri tu, utarudi na picha umezificha kwenye simu, mkwe wako anakuuliza semina ilikuwaje nawe unatunga masomo. Safari gani hiyo usiyoweza kuisimulia? Mimi huo uongo sikubebei. Si kwa kuwa sikupendi, unajua nakupenda.

Na jambo jingine. Mama mkwe wako namjua kitambo. Nimekaa naye kwenye mikeka ya misiba mingi, tumemenya vitunguu pamoja kwenye shughuli nyingi, na nilipokuwa nakuwazia wewe jana, nikagundua sijawahi kukutana naye mahali pengine popote. Mtu mzima yule, ana wajukuu. Hebu jiulize, amewahi kupanda gari ambalo mwisho wake hapakuwa na jeneza au sufuria? Huenda atakasirika kidogo. Mwache akasirike, na Ami naye alianza hivyo hivyo. Akimaliza, mwambie nakuomba radhi mama, tunakwenda kutembea. Halafu, mwanangu, muulize kama angependa kwenda nanyi.

Mungu akufungulie kinywa kwanza, kisha akufungulieni njia. Awapeleke kwa salama, awape mwanga na macho ya kuona, awaepushie simu ya msiba mkiwa njiani. Radhi zangu unazo zote. Na mkirudi, mje naye hapa nyumbani, anisimulie yeye.