Baba Aliomba Tumusugue Mugongo

Hii si hadisi ya kutisha batoto. Nilikuwa pale mi mwenyewe, saa nane ya muchana, sikukunywa kitu, hata malaria sikuwa nayo. Kama hauamini, ni shauri yako.

Mudogo wangu Kavugho ni mwalimu hapa Butembo, mi nauzisha bitenge. Mwaka jana magoti ilikuwa inamuuma sana. Wakati maua inatoka ku milima ya Rwenzori, akaniomba tupande ku parke, juu kule kuko maji ya moto yenye batu banaenda kuoga. Tukalala Beni, kwa shangazi ku Bungulu, asubui tukaenda.

Maua ilikuwa mingi, nyekundu na manjano, mpaka Kavugho akaanza kuimba wimbo ya kanisa. Mwanaume wa kijiji mwenye alituongoza akasimama njiani. "Fuateni tu harufu ya mayai ya kuoza," akasema. "Miye nabaki hapa."

Kufika, mutu mumoja alikuwa ndani ya maji, ametupatia mugongo. Moshi ya maji ilimuzunguka.

"Kavugho, kuya unisugue mugongo."

Sauti ilikuwa ya baba yetu. Baba alikufa ku Kanyabayonga, miaka ine sasa, na nilitupa udongo ku kaburi yake na mukono yangu. Donc unielewe muzuri: ni yeye alimuachia mama batoto sita, akaenda kuishi na bibi mwingine.

Unazani niliogopa? Woga ilikuja nyuma. Kwanza hasira ilinipanda mpaka ku shingo.

Kavugho alikuwa ameisha kuvua biatu, analia. "Yaya, ni baba," akaniambia. Akaingia, akaweka mukono ku mugongo ile.

"Mama alikuita siku tatu ku hopitali," nikamuambia ule mutu. "Ulikuwa wapi? Leo ndiyo unakumbuka uko na batoto?"

"Niko na baridi, mwanangu."

"Baki nayo."

Akageuka. Ilikuwa uso yake, lakini ndani ya maji ile yote ngozi ilikuwa kavu, na udongo ku nywele. Nikamuvuta Kavugho kwa nguvu, tukaanguka ku majani. Kuinua macho, maji ilikuwa inachemuka peke yake, mutu hakuna.

Tulipomuelezea yule mwanaume wa kijiji, akauliza kitu kimoja tu: "Mudogo yako alimugusa?" Alijua, na alituacha tuende. Nilimutukana mpaka sauti ikakauka.

Magoti ya Kavugho ilipona. Lakini mukono yake ya kuume iko baridi mpaka leo, hata akikamata bugali ya moto. Munganga haoni kitu. Batoto ya shule banakataa abashike. Na anasema anamuhurumia baba! Mi hapana.

Wakati ya maua uende, kule ni kuzuri kweli. Lakini mutu akikuita jina ndani ya ile moshi, usiitike, hata kama ni yeye alikuzaa. Mwenye hakukutafuta akiwa muzima, anakutafuta ya nini sasa?