Nilimpima Kaka Moyo kwa Macho ya Muuza Nyama

Mimi nauza nyama Dongobesh, na kosa ni langu. Usinitafutie mchawi wala shetani, mdomo wangu ulitosha kabisa.

Kaka yangu mkubwa anakaa Maretadu. Alianza kuhema kila akipandisha kilima cha kwake, nikampeleka hospitali. Wakampaka jeli ya baridi kifuani, wakampima moyo kwa ultrasaundi. Daktari, binti aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine, alimwamkia shikamoo vizuri, kisha akasema moyo umetanuka na nguvu yake ya kusukuma damu imeshuka hadi nusu. "Mzee, ukimeza dawa utaishi nao. Ukiacha utajaa maji, na tutakuona hapa kabla ya mavuno."

Nilicheka. Yaani mtoto wa juzi anifundishe moyo mimi, ninayeuweka kwenye mizani kila asubuhi? Tulipotoka nje nikamwambia kaka, "Moyo mkubwa ninauona kwa maksai wa jembe, wale wenye nguvu zao. Huyu dada anatabiri kama mganga, na mganga angalau angeomba kuku."

Dawa zenyewe zilimkojoza sana. Akiwa vichakani anajisaidia, ng'ombe anaowachunga wanaingia kwenye maharage ya jirani. Akaja buchani kuniuliza. Nikamwambia aziache tu. "Basi sawa," akasema, "wewe ndiye unayejua nyama." Nikavimba kichwa.

Baada ya muda yeye ndiye akavimba, miguu kwanza, halafu tumbo. Mwenye akili angeshtuka. Mimi niliwaambia wateja, "Mnamwona kaka? Amenona." Nikawa nampelekea na supu ya chumvi nyingi. Jamani, yale yalikuwa maji!

Ikafika mahali hawezi kulala chali, analala ameketi, ameegemea gunia la mahindi. Shemeji akanipigia simu analia. Tukampakia kwenye gari langu la nyama, maana jingine halikuwepo. Njia nzima nilitukana mashimo ya barabara, kwa kuwa kujitukana mwenyewe niliogopa.

Daktari hakunisema. Alimpima tena, akageuza skrini nione. Ule moyo ulikuwa unatetemeka tu, unajikunja kwa shida.

"Nguvu imeshuka zaidi," akasema. "Iliyopotea tangu aache dawa, sijui kama itarudi."

Kaka yuko hai, lakini hachungi tena na maksai wake tumewauza. Siku hizi anashinda kwenye benchi la bucha langu, vidonge mfukoni. Nikimwamkia shikamoo, anaitikia, "Marahaba, daktari." Wateja wanacheka sana. Mimi naendelea kukata nyama, uso siinui.

Kwa hiyo wewe unayejua kila kitu, mgonjwa wako akipewa dawa, nyamaza ameze. Mimi nimeshika mioyo mingi kuliko daktari yeyote wa wilaya hii. Yote ilikuwa imeshasimama.