Feni ya Baba Ilivyokandikwa

Harufu ya kinyesi kibichi cha ng'ombe kikichanganywa na udongo huwafanya wenzangu wazibe pua. Mimi, ndugu msomaji, hunifanya niwaze ndege. Sogea karibu nikueleze.

Baba alikuwa mhunzi kule Hasamba, si mbali na mpaka wa Zambia. Mvukuto wake wa kupulizia moto ulipochanika aliunda feni: mapanga manne ya bati ndani ya debe la mafuta ya kula, yakizungushwa kwa mpira uliotoka kwenye gurudumu la baiskeli iliyopinduliwa. Mzungusha pedeli mkuu nilikuwa mimi, binti wa darasa la nne mwenye mkono mnene kama mgomba. Nilizungusha mpaka kuku wakawa wanapita wameinama. Makaa yakanuna tu, chuma kikabaki na wekundu wa aibu, maana upepo ulirudi nyuma kupitia upenyo kati ya ncha za mapanga na debe.

Mvua zilikaribia, majembe ya watu yamelala. Asubuhi moja kwenye chai Baba akasema, "Moto ukigoma wiki hii, nafunga. Naenda Tunduma kubeba mizigo mpakani." Nikameza kiazi bila kutafuna.

Alipotoka, nikakata mapanga mapya, marefu, nisimwachie hata sisimizi pa kupita. Nikazungusha. Ukatoka mlio ambao nina hakika Wazambia walidhani ni king'ora, na mapanga yakapinda yote.

Bibi, mama yake Baba, alikuwa anakandika sakafu ya jikoni. Akaja, tope mpaka viwikoni.

"Mke mwenzangu, unataka kumuua mwanetu kwa presha?"

"Nilikuwa naziba upenyo, Bibi."

"Kwa bati? Bati halina huruma."

Tukarudisha yale mapanga mafupi, akakandika debe kwa ndani kwa tope lake nene la udongo na kinyesi. "Haya, zungusha polepole, kama unakoroga uji wa mgonjwa." Mapanga yakakwangua tope laini, yakajichongea njia yao wenyewe, upenyo mwembamba kama ukucha.

Tope lilipokauka, moto ulinguruma kama lori la shaba litokalo Zambia, chuma kikaiva kabla sijatoka jasho. Baba akachungulia debe kwa muda mrefu. "Nani kaweka sakafu humu?"

Tunduma hakwenda.

Niliyekwenda ni mimi, ukubwani, nikasoma shule ya jioni. Mwalimu akachora injini ndogo ya ndege, yenye mapanga yanayosukumwa na gesi ya moto. Akasema injini ikiwa ndogo, upenyo kidogo tu kwenye ncha za mapanga hupoteza nguvu nyingi na kula mafuta. Kwa hiyo mafundi hupaka ganda lake utando laini kwa ndani, mapanga yajikwangulie njia. Nikanyoosha mkono: "Mwalimu, sisi tulitumia mavi ya ng'ombe." Darasa lilicheka mpaka saa ya ukutani ikasimama.

Lakini kilichonichelewesha zaidi kuelewa si injini. Siku ile Bibi aliiacha sakafu nusu, yeye ambaye hakuwahi kuacha kazi nusu. Udongo wake wote uliishia kwenye debe. Nilidhani ananiokoa na fimbo. Kumbe asubuhi ile, Baba alipoitaja Tunduma kwenye chai, alikuwa ameketi ubavuni pangu, na kiazi chake hakukigusa.