Baba na Maji ya Matumbawe

Baba alihamia kwangu miezi minne baada ya kumzika Mama. Alishuka kwenye basi la Moshi na begi moja, mkungu wa ndizi, na redio yake iliyoviringishwa ndani ya kitenge cha Mama. Nilimpa chumba cha mbele. Napanga ghorofa ya tatu Kariakoo, kwenye mtaa wa wauza mapazia na mashuka, na mimi mwenyewe ni mmoja wao. Duka langu liko kona ya pili tu.

Maisha yake yote ya kazi Baba alikuwa mtu wa maabara. Alikuwa akiosha vyupa, akichanganya dawa na kuwaandalia wanafunzi wa sekondari mitihani ya vitendo. Kule kwetu watu walimwita mwalimu, ingawa hakuwahi kusimama mbele ya darasa, naye hakuwahi kuwasahihisha.

Mjini hakuwa na la kufanya. Nikirudi jioni namkuta kwenye kiti kilekile, dirishani.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba mama. Umeshindaje?"

"Salama. Umekula?"

"Nimekula kidogo."

Basi. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya siku nzima. Nilifunua sufuria nikakuta chakula kama nilivyokiacha.

Siku moja mpangaji wa mlango wa pili, mwalimu mgeni aliyekuwa anarudi kwao, alibisha hodi. Alikuwa na tangi la kioo lenye maji ya chumvi, na ndani yake matumbawe hai aliyoyanunua kwa watu wanaoyakuza. Hakuwa na namna ya kupanda nayo ndege, na hakutaka yafe. Nilikuwa tayari nimefungua mdomo kukataa. Mimi hata mchicha wa kwenye ndoo ulinishinda. Mara nikasikia sauti ya Baba nyuma yangu.

"Hayo maji mnayapima nini?"

Mwalimu alikaa naye jioni mbili. Alimweleza kwamba matumbawe ni wanyama wadogo sana wanaojijengea nyumba ya chokaa, na chokaa hiyo wanaitoa ndani ya maji. Kila siku wanachukua, kwa hiyo kila siku lazima uwarudishie kidogo. Kikubwa kinachopimwa ni alikalini, ile nguvu ya maji ya kuzuia ukali wa asidi. Unatia maji kwenye kichupa, unaweka dawa yanakuwa ya bluu, kisha unadondosha asidi tone moja moja huku unahesabu, mpaka yageuke waridi. Idadi ya matone ndiyo jibu lako.

"Hii kazi naijua!" Baba alisema, na kwa mara ya kwanza tangu msiba niliyaona meno yake. "Nimeifanya kabla huyu hajazaliwa."

"Basi zingatia hili, mzee," mwalimu alisema. "Usihangaike kutafuta namba kubwa. Nane, tisa, yoyote kati ya hizo inawafaa. Wasichokiweza ni kuyumbishwa, leo juu, kesho chini."

Tangi likahamia sebuleni kwangu, na Baba akapata kazi. Kila asubuhi baada ya chai alivaa miwani, akapima, akaandika kwenye daftari la mistari kwa mwandiko wake ulionyooka. Maji yalipopungua kwa joto aliongeza maji ya betri, yale yasiyo na kitu ndani, maana maji hukauka lakini chumvi hubaki. Kurudisha alikalini alitumia bikaboneti ya kupikia. Nilinunua pakiti nyingi mpaka dada wa duka la chini akaniuliza, "Dada, unapika maandazi ya harusi ya nani?"

Jumamosi tulivuka na pantoni kwenda Kigamboni kuchota maji kwenye ufukwe wa wazi, maana yale ya Feri, penye soko la samaki, yana mafuta na magamba. Baba alikunja suruali, akasimama na dumu, mtu wa mlimani ambaye maisha yake yote bahari aliiona kwenye kalenda. Tuliporudi, msukuma mkokoteni aliyetubebea madumu aliyaonja kwa kidole akatema.

"Mzee, haya yana chumvi!"

"Ndiyo maana nimeyafuata mbali," Baba akamjibu, akacheka mwenyewe njia nzima.

Akaanza kula. Akaanza kunisimulia: lile lenye matawi limeongezeka ncha, lile la duara limefunga mdomo, sijui lina nini. Nilifunga duka mapema ili nimkute bado ana hamu ya kusema.

Mvua za masika zilipokatika, lile lenye matawi likaanza kuwa jeupe kuanzia shinani. Baba alipima asubuhi, akapima tena jioni. Akawa mkali.

"Sijakosea," alisema kabla sijauliza chochote. "Nimepima mwenyewe."

Jumapili alipokwenda ibadani nilifungua daftari. Kurasa za mwanzo zilikuwa nane, nane, nane na nusu, nane. Halafu saba. Halafu kumi. Nane, kumi na moja, saba. Na kila namba ilifuatwa na marekebisho: ikipanda, anasitisha bikaboneti, ikishuka, anamwaga nyingi. Nilichukua kichupa nikapima kama nilivyomwona akifanya. Sita. Nikarudia. Sita. Mara ya tatu, sita. Asubuhi ile alikuwa ameandika kumi.

Nilikaa sakafuni na daftari mapajani. Nilidhani ni kichwa. Nilimkumbuka bibi yetu mzaa baba, jinsi alivyoanza kwa kusahau chumvi, akamalizia kwa kusahau majina yetu, nikalia pale peke yangu kabla mtu hajarudi kutoka kanisani.

Kesho yake sikwenda dukani mapema. Nilijifanya nakunja nguo, nikamtazama. Aliinua kichupa dirishani, akakigeuza, akakipeleka chini ya taa, akakirudisha dirishani. Tone. Akatazama. Tone jingine. Mimi nikiwa mbali niliona maji yamegeuka waridi. Yeye akaendelea: tone, tone, tone, tone. Halafu akajiuliza kwa sauti ndogo, "Imegeuka?"

Hesabu ilikuwa sawa. Kichwa kilikuwa kizima. Yalikuwa macho. Ndipo nilipokumbuka alivyokwenda ibadani jana, soksi moja nyeusi na nyingine ya bluu.

Mimi nina mdomo mwepesi, wateja wangu wote wanajua. Lakini asubuhi ile maneno niliyapima. Nilikwenda nikakaa kando yake.

"Baba, hii rangi ya kwanza, kabla ya matone, wewe unaionaje?"

Alikiweka kichupa chini.

"Kama majivu," alisema. "Nilifikiri dawa imechakaa."

"Tangu lini?"

"Sijui. Soksi alikuwa ananichagulia mama yako."

Kumbe Mama alijua. Mama alikuwa amemfichia siri ile miaka yote, labda hata yeye mwenyewe Baba asijue kwamba anafichiwa. Kila asubuhi anakuta soksi mbili zinazofanana juu ya kitanda, anavaa, anakwenda.

Akayatazama matumbawe. "Nimeyaua?"

"Hapana. Moja ndilo linaumwa."

"Kwa mkono wangu."

"Baba, tupime wote. Wewe dondosha, mimi nitasema ikigeuka."

Ndivyo tulivyofanya. Mkono wake ulikuwa mtulivu kuliko wangu, na mimi kazi yangu ilikuwa neno moja: sasa. Nilitaka turudishe nane siku hiyohiyo. Akakataa.

"Yametikiswa vya kutosha," alisema. "Tupandishe taratibu, robo robo."

Ilituchukua zaidi ya wiki. Lile lenye matawi halikupona. Lilibaki mfupa mweupe. Mengine yalifungua midomo yake, moja baada ya jingine, na kila lililofungua Baba aliliandika kwenye daftari.

Kwenda kwa daktari wa macho alikataa kabisa. Amezeeka, anataka kuona nini tena? Nilimbembeleza, nikamnunia, haikusaidia. Mwishoni nilimwambia tu ukweli. "Baba, mzigo wa mapazia unaingia mwezi ujao. Sitakuwepo asubuhi. Nani atasema 'sasa'?"

Aliweka kikombe chini. "Hospitali yenyewe iko wapi?"

Ilikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Walianza kwa kulifanyia upasuaji la kulia. Siku iliyofuata nesi alibandua bandeji, akamwambia asiliguse, asiinue dumu, asiiname. Tukapanda ngazi za nyumbani polepole, mkono wake begani kwangu. Hakwenda kukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye tangi.

Alifunika jicho bovu kwa kiganja, akatazama kwa lile jipya.

"Hili ni zambarau?"

"Ndiyo, Baba."

"Na hili la kijani namna hii… mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unaona."

Miezi yote ile alikuwa ameyatunza akiyaona kama vipande vya udongo. Aliyapenda hivyohivyo. Machozi yalimtoka, akainua mkono kuyafuta.

"Usiguse! Nesi kakataza."

Akaushusha mkono kama mtoto aliyekemewa, machozi yakashuka yenyewe mpaka kidevuni. Kisha akanigeukia mimi, akanitazama usoni kwa muda, mpaka nikaona haya.

"Una mvi," alisema. "Hapo juu ya sikio. Mama yako naye zilianzia hapohapo."

Jicho la pili lilifuata baada ya wiki kadhaa. Sasa anapima mwenyewe, na daftari limerudi kwenye nane, nane, nane na robo, ukurasa kwa ukurasa. Mzigo wa mapazia ulipofika, nilikuwa nimezama kwenye marobota nikasikia mtu anasalimiwa mlangoni. Alikuwa Baba. Hakuwahi kufika dukani kwangu hata siku moja. Nilimpa kigoda, akakaa katikati ya vitambaa vilivyoning'inia, akawa anavuta kimoja kimoja na kukileta karibu na uso.

"Rangi hii mnaiitaje?"

"Maziwa."

"Na hii?"

"Samawati."

Akavuta kitambaa chekundu kilichokolea, kizito, kile kinachotoka sana.

"Na hii?"

"Hiyo ni damu ya mzee, Baba."

Akakitazama, akanitazama, akacheka mpaka mteja aliyekuwa anakadiria dirisha lake kwa mikono akasahau hesabu na kuanza upya.