Kamera ya Ng'ombe Wawili

Mwalimu Aika alipoingia studio ya picha ya Tulinagwe, nyuma ya soko la Tukuyu, mvua ilikuwa imemlowesha hadi soksi. Hakuja kupigwa picha. Alikuja na swali: anataka kuanza kupiga picha za harusi, na kuna kamera ameiona Mbeya, bei yake ni mishahara yake ya miezi minane. Ainunue?

"Wameniambia nikuulize wewe, mama," alisema. "Wanasema uliwahi kuwa na kamera ya bei kubwa kuliko zote Rungwe."

Tulinagwe alicheka kidogo, akamsogezea kiti karibu na jiko la mkaa. Siku nyingi hakuna aliyemtajia kamera ile.

Mwaka tisini na mbili, daktari mmoja Mjerumani alikuwa anarudi kwao, akauza vitu vyake. Wakati huo Tulinagwe alipiga picha mitaani kwa kikamera cha plastiki. Aliishika ile ya daktari mara moja tu, akasikia uzito wake, akachungulia, na moyo ukahama. Akauza ng'ombe wawili wa maziwa aliopewa na baba yake. Mumewe, Ambokile, hakugomba. Alinyamaza wiki mbili nzima, akinywa chai ya rangi asubuhi na jioni, na ukimya ule ulimuuma mkewe kuliko maneno.

Kisha ikaja harusi moja kijijini Kinyala. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni, na ndani ya kanisa kulikuwa na giza kama jikoni. Picha ziliporudi kutoka kusafishwa, machozi ya bibi harusi yalionekana moja moja. Tangu hapo watu walimfuata kutoka Nkunga, kutoka kila upande. Ada ya shule ya mwanawe Ambilikile ilitoka humo. Ambokile naye akakubali kwa namna yake: alichonga sanduku la mbao la kuhifadhia kamera, akalitandika kipande cha blanketi.

"Basi ilistahili bei yake," alisema Aika.

"Subiri kwanza, mwanangu."

Tulinagwe akatoa albamu ya nyumbani kwake. Ilikuwa nyembamba. Kamera ya daktari ilikuwa ya wateja. Mkanda wa picha ulikuwa ghali, na mvua aliiogopa kama moto. Sikukuu watoto wakiomba picha, aliwaambia wangoje kukauke. Na Rungwe kukauke lini? Ambilikile aling'oka meno, akaota mengine, akaota ndevu, na picha zake za utotoni hazizidi nne.

Zilizobaki zote zilikuwa za Tulinagwe mwenyewe. Ameinama nyuma ya kamera. Anafuta lenzi kwa pindo la kitenge. Nyingine imemkata kichwa, nyingine kidole gumba kimeziba kona.

"Hizi nani kapiga?"

"Baba Ambilikile. Alikuwa ananifuata na kile kikamera cha plastiki, mimi sina habari. Akauchanganya mkanda wake na ya wateja. Nikakuta picha zangu katikati ya harusi ya watu." Akageuza ukurasa. "Ni miaka minne sasa tangu atutoke."

Aika alizitazama moja baada ya nyingine. "Hazijatulia," alisema kwa upole.

"Hazijatulia kabisa. Sikudanganyi, mwalimu, kwenye kanisa lenye giza kamera nzuri itakulipa. Lakini nunua ile utakayothubutu kuitoa mvuani. Ukiiogopa, itakuwa ya sandukuni."

Aika hakuinunua ile ya Mbeya. Baada ya miezi miwili alipata iliyokwisha kutumika, mikwaruzo pembeni, akaongeza lenzi moja nzuri. Harusi ya kwanza aliyoitwa kupiga picha ilikuwa Nkunga, na alimwomba Tulinagwe waende wote.

Mvua ilinyesha tangu asubuhi. Aika alitembea na kamera shingoni, anaifuta kwa mkono, anaendelea. Ndani ya kanisa Tulinagwe alisimama karibu na dirisha, akanyoosha kidole. "Mlete bibi harusi hapa. Mwambie asitazame kamera, amtazame mama yake." Miguu yake inayomsumbua siku zote haikumuuma siku ile, wala hakukumbuka kukaa.

Walirudi Tukuyu jioni, wamelowa wote wawili, wakitazama picha kwenye kioo kidogo cha kamera. Ilipopita ile ya bibi harusi dirishani, Tulinagwe aliomba irudishwe aione tena.